Safari ya Kuaga: Jinsi ya Kuizungusha Familia na Hema, Dar hadi Lushoto na Pangani, Kabla ya Kuhama

Wengi wakihama huaga ukumbini: pilau, soda, hotuba tatu, picha ya pamoja, kila mtu anarudi kwake. Sisi tulipopata uhakika wa kwenda kuishi ng'ambo, tuliamua hela ya ukumbi iingie kwenye tangi la mafuta. Mimi kwetu Muheza, mke wangu ni Msambaa wa Lushoto, na watoto wote wamezaliwa Dar. Walikuwa wanakaribia kuondoka nchini huku kwao wanakujua kwa simu tu.

Njia nitakayoieleza ni ya Tanga kwa sababu ndiyo ninayoijua. Wewe wa Mbeya au Musoma badilisha majina ya miji. Mpangilio hautabadilika sana. Muhimu ni kuelewa kwamba safari ya kuaga inaanza na watu. Ukiipanga kama utalii, utarudi na picha nzuri na lawama za ukoo mzima.

1. Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Chukua siku ya kuondoka, rudi nyuma wiki nne. Hapo safari iwe imeshakwisha. Ukiiacha hadi wiki ya mwisho, utakuwa na nyumba iliyojaa maboksi, mwenye nyumba anayetaka funguo zake, na simu inayoita kila dakika kuulizia bei ya friji. Watu wanagombana ndani ya gari kabla ya kufika Bunju.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni malaria. Pwani ya Tanga ina mbu, na dalili kwa kawaida huanza kati ya wiki moja na mwezi baada ya kuumwa. Mtoto akipata homa mkiwa bado Dar, mnakwenda zahanati, anapimwa kwa kipimo cha haraka, anaanza dawa ya mseto siku hiyohiyo. Homa ileile ikimpata huko ambako daktari hajaona mgonjwa wa malaria tangu aanze kazi, anaweza kutibiwa mafua kwa siku kadhaa. Hata mkiacha hizo wiki nne, mtu akipata homa ugenini mwambieni daktari mapema mmetoka wapi.

Mwezi mzuri ni Juni. Masika yamekwisha, shule zimefungwa, na barabara za udongo zimekauka. Desemba shule zimefungwa pia, ila mvua za vuli huwa bado zinachungulia, na ikikaribia Krismasi barabara ya Segera ni msururu wa watu wa Moshi wanaorudi nyumbani. Machi hadi Mei sahau.

Kama pasi za kusafiria zimeshapata viza, usiende nazo kambini. Mwachie mtu unayemwamini Dar, ubebe nakala pamoja na kitambulisho cha NIDA.

2. Andika majina kwanza, ramani baadaye

Kaeni wawili, wewe na mwenzio, mwandike watu ambao mkiondoka bila kuwaona itawauma wao au itawauma ninyi. Bibi. Mjomba aliyekulipia ada ya sekondari. Mwalimu. Jirani wa zamani aliyehamia Korogwe. Na makaburi yaingie kwenye orodha hiyo kama nyumba nyingine yoyote, yakiwa na muda wake, maana ukiyaweka kwenye "tukipata nafasi" hayapati nafasi.

Mbele ya kila jina andika anakaa wapi. Ndipo utaona njia inajichora yenyewe. Aliye mbali na barabara kwa nusu siku, mtumie nauli mkutane mahali: shangazi wa Handeni anaweza kuja hadi Korogwe, mkala pamoja, akarudi kwake jioni.

Weka nyumba moja tu kwa siku, mbili ikiwa hapana budi. Kila nyumba ina chai yake, halafu wali wake, halafu kuku aliyechinjwa ulipokuwa unapiga soga, na hakuna kukataa. Baada ya siku mbili za ndugu, weka usiku mmoja wa hema peke yenu, mahali ambako hakuna anayewajua. Bila nafasi hiyo watoto wanachoka kushikwa mashavu, nanyi wakubwa mnachoka kujibu swali la mshahara wa huko mnakokwenda.

Sisi orodha ilitupa mzunguko huu: Dar, Bagamoyo, Msata, Mombo, Lushoto, kisha kurudi chini hadi Muheza, Tanga, Pangani, halafu Dar. Milima kwanza, bahari mwisho, na sababu nitaieleza kwenye mizigo. Kwa jumla ni karibu kilomita 1,000. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakula lita 100; weka 20 za ziada kwa ajili ya mlima na kuzungukazunguka kwa ndugu. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo kama safari inaangukia siku hizo, sikiliza fununu ya kupanda au kushuka kabla ya kujaza.

3. Gari, hasa kama mtaliuza

Fanya sevisi kabla ya safari. Mnunuzi atafurahia risiti. Mtu akitaka kulipa nusu ulishikilie gari, sawa, lakini kadi ya gari isitoke mkononi mwako hadi mrudi na malipo yakamilike, na bima iwe hai hadi siku ya kukabidhi.

Zingatia breki kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ya mlima wa Lushoto. Kagua tairi la akiba (si kulitazama tu, lipime upepo), jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto. Maji ya rejeta beba dumu zima.

4. Mizigo: beba vile mnavyoviacha

Hapa ndipo safari hii inapotofautiana na nyingine zote. Tiketi nyingi za ndege zinakupa begi la kilo 23 kwa mtu, au mawili. Maana yake sufuria, mablanketi, magodoro, ndoo na jiko vyote vinabaki. Watu huviuza kwa bei ya kutupa wiki ya mwisho. Badala yake, vifanye ndivyo vifaa vya kambi, kisha mvigawe njiani. Gari linaondoka Dar limejaa hadi juu na linarudi jepesi.

Utaratibu ni huu. Kata vipande vya plasta, andika jina la atakayepewa, bandika chini ya kila kitu. Mablanketi mazito yalikuwa ya Lushoto: tuliyatumia kwenye baridi, tukayaacha hukohuko kwa mama mkwe, kwa kuwa pwani hayahitajiki. Ndiyo sababu ya kuanza na milima. Sufuria kubwa na sinia viliishia Muheza. Jiko la gesi na mtungi wake wa kilo 6 vikae hadi kituo cha mwisho, kwani mtavihitaji hadi asubuhi ya kurudi.

Kugawa nako kuna adabu zake. Usitoe godoro mbele ya ndugu watatu halafu wawili wakatoka mikono mitupu. Toa faraghani, jioni, au mwachie mwenyeji mkubwa agawe mwenyewe. Kwa kina mama ambao hamna kitu cha kuwapa, doti ya kanga inatosha kabisa, ila soma jina lake kabla ya kulipa. Wifi akipewa kanga yenye kijembe, hata kama uliipenda rangi tu, hiyo habari itakufuata hadi ughaibuni.

Hema lenyewe lisimamishwe uani wiki moja kabla na limwagiwe ndoo mbili za maji. Pakivuja, utaziba ukiwa na muda. Pamoja nalo weka turubai la kutandika chini na jingine la kivuli, mkeka, kamba, nyundo ya vigingi, chandarua, taa ya sola, tochi ya kila mtoto, dumu la maji la lita 20, ndoo yenye mfuniko, deli la barafu, panga, kiberiti mahali pawili tofauti, na dawa za kila siku za nyumbani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo nguo na vyakula vigawe kwenye vikapu na mifuko ya kitambaa.

5. Chakula

Hapa pasikusumbue. Siku ya kwanza kula chapati na mayai yaliyochemshwa nyumbani. Maharage yachemshe Dar, yagandishe kwenye vyombo, yatafanya kazi ya barafu ndani ya deli hadi siku ya pili. Kavu beba unga, mchele, dagaa, karanga, chumvi, majani ya chai. Mengine yanauzwa njiani: mboga na matunda ya baridi Lushoto, machungwa Muheza, samaki Tanga na Pangani. Anayebeba nyanya kutoka Dar kwenda Lushoto amepeleka maji baharini.

6. Barabarani

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Kupita Bagamoyo hadi Msata kunawaepusha na malori ya barabara ya Morogoro na foleni ya Chalinze. Mkishatokea Msata mnashika kulia, mnavuka Wami kwenye daraja jipya, kisha Mkata, Kabuku, Segera. Segera njia zinagawanyika, Tanga kulia, Moshi na Arusha moja kwa moja. Kwa Lushoto mnapita Korogwe hadi Mombo.

Kwenye vijiji kibao cha 50 maana yake ni 50 kweli. Askari wenye tochi za kupima mwendo huwa wanajua mahali ambapo mguu unashawishika, mara nyingi mteremko ulionyooka baada ya kijiji kuonekana kimekwisha. Usiendeshe usiku. Malori yaliyoharibika huachwa barabarani na matawi ya miti tu nyuma yake kuashiria hatari, na giza likiingia tawi halionekani.

Watoto wape kazi. Mkubwa asome vibao na kutaja kinachofuata, mdogo ahesabu mashamba ya mkonge. Ukitaka kuwapa historia kidogo, zao hilo Wajerumani walilileta mwaka 1893, na Tanga nzima ilijengwa juu ya mgongo wake, pamoja na migongo ya watu waliolikata.

Mombo jazeni mafuta, nyoosheni miguu. Kuanzia hapo ni kama kilomita 33 za kona hadi Lushoto, kupitia Soni penye maporomoko kando ya barabara. Anayetapika kwenye gari akae mbele. Mkija kushuka, tumia gia ndogo uiachie injini ishike gari. Anayekanyaga breki mwanzo hadi mwisho anafika Mombo na harufu ya kuungua.

7. Lushoto: baridi, na suala la ukweni

Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni usiku baridi inaingia kwenye mifupa ya mtu wa Dar. Chini ya godoro tandika mkeka na turubai, kwani baridi inayokutesa inatoka ardhini. Dirisha dogo la hema liache wazi hata kama roho haitaki. Mkilifunga lote, pumzi za watu watano zinageuka matone juu ya kitambaa, na alfajiri mnanyeshewa na mvua mliyoitengeneza wenyewe. Kamwe usiingize jiko la mkaa ndani ya hema ili kuota moto. Gesi ya mkaa inaua watu wakiwa wamelala.

Usiku wa kwanza tulipiga kambi Irente, kwenye shamba la kanisa la KKKT, kilomita chache kutoka mjini. Kuna nyasi, choo, maji, na wanauza jibini na mkate wanaotengeneza wenyewe. Kutoka hapo mnatembea hadi ukingo wa Irente, mlima unapokatika ghafla na Mazinde inaonekana chini kabisa, mashamba yamepangwa kama mkeka wa rangi mbili. Ukingoni hakuna uzio wa kutegemea; mtoto mdogo ashikwe mkono na mtu mzima muda wote, asiachiwe kaka yake amwangalie.

Kisha ukweni. Ukimwambia mzee utalala kwenye hema wakati nyumba ipo, unamwambia nyumba yake haitoshi. Mama mkwe alipoona naanza kushusha vigingi, hakuniuliza mimi. Alimwita binti yake jikoni akamwambia kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie baba watoto vyumba vipo, na shuka nimefua." Jibu ambalo mke wangu alikuwa ameshaliandaa, nami nakuazima, lilikuwa: hema ni la wajukuu, wamelilia tangu Dar, na baba yao atawalinda. Likaisha. Mke wangu akalala ndani na mama yake, wakaongea hadi usiku wa manane. Mimi nikalala uani na watoto, jambo ambalo kusema kweli lilinifaa, kwa sababu mkwe kukoroma chumba cha pili na mama mkwe si heshima.

Kwa hiyo peleka taarifa mapema kwa simu, hema lisimame uani ndani ya eneo la nyumba, chakula chote cha siku hiyo kiliwe ndani kwa wenyeji, na usiwashe jiko lako kabisa. Ukipika uani kwa mtu, umemtukana mwenye jiko.

Tumia usiku huo kurekodi. Simu iwe mezani, isielekezwe usoni kama kamera ya habari, na umwulize bibi mambo yenye majibu marefu: alikuja vipi mahali hapa, nani alimpa jina mama yenu, shamba lilianzia wapi likaishia wapi. Mpe mtoto aulize. Bibi anamjibu mjukuu mambo ambayo wewe angekukatia. Kesho yake, kabla hujasahau, andika majina yaliyotajwa na uhusiano wao, na faili litume kwa watu wawili.

8. Kulala nje ya kambi rasmi

Mkiamua kulala mahali pasipo kambi, iwe kando ya mto au kwenye kiwanja cha shule iliyofungwa, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Jitambulishe, onyesha kitambulisho, sema mko wangapi na mnaondoka lini. Gari geni na hema gizani bila taarifa ni jambo la kupigiwa yowe, na wenyeji watakuwa na haki. Ukishajitambulisha, mara nyingi utaletewa mlinzi ambaye hukumwomba. Mpe chakula cha usiku na kitu kidogo asubuhi.

Kabla ya kutandika, zunguka eneo ukitazama chini. Ukiona mstari wa siafu, hamia mbali. Usilale chini ya mnazi hata kama kivuli ni kizuri, wala kwenye mkondo mkavu wa mto. Chakula kilale ndani ya gari, maana kima na nyani wakizoea kambi wanajua kufungua zipu kuliko mtoto wa chekechea. Kama mtapitia Saadani au hifadhi nyingine ya TANAPA, raia mnalipa kwa shilingi kwa bei ya chini sana kuliko wageni mkionyesha vitambulisho, na getini hawapokei fedha taslimu: ni kadi ya benki au namba ya malipo.

9. Muheza, Tanga, Pangani

Muheza kwangu ilikuwa siku ya makaburi. Tulibeba panga na jembe tukafyeka wenyewe na watoto, tukasoma dua, kisha nikampa binamu anayebaki hela ya kuyatunza kwa mwaka. Mkabidhi mtu mmoja mwenye jina, siyo "ukoo"; ukoo haufyeki.

Tanga mjini tulipita kwa Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 upande wa barabara ya Mombasa. Ndani giza ni giza kweli, na zile tochi za watoto hapo ndipo zinalipa bei yake. Mfuateni mwongozaji, njia zinagawanyika.

Mwisho ni bahari, na hapa mjue upepo na maji. Juni ni kusi, linavuma kutoka kusini, kwa hiyo mgongo wa hema uelekee huko na mlango upande wa pili. Vigingi vifupi havishiki mchangani. Jaza mchanga kwenye viroba, fungia kamba, vifukie. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu maji ni ya bamvua, yanapanda mbali kuliko unavyodhani ukiyatazama saa nane mchana. Tafuta mstari wa mwani mkavu ufukweni, huo ndio mwisho wa maji ya jana, kisha panda juu zaidi hadi penye majani. Wavuvi wanajua kuliko simu yako. Waulize wakivuta nyavu, na ukiwasaidia kuvuta utapata na kitoweo.

Kati ya Tanga na Pangani, upande wa Kigombe, na ng'ambo ya mto Pangani upande wa Ushongo, kuna sehemu zinazopokea watu wenye mahema. Kisiwa cha Maziwe kinafikika kwa boti, ila ni mchanga mtupu usio na kivuli: kofia, maji, na mwende asubuhi kabla kusi halijachafua bahari. Kama watoto hawajui kuogelea na boti haina maboya ya kuwatosha, msipande. Barabara ya pwani ya kuelekea Saadani na Bagamoyo imekuwa kwenye ujenzi, hivyo waulize madereva wa daladala Pangani hali yake kabla ya kuchagua kurudi kwa huko au kupitia Segera.

10. Mkirudi

Siku hiyohiyo toa vyote garini, lioshe ndani na nje, lipige picha za kuuzia likiwa safi. Hamisheni umiliki kupitia TRA msisubiri. Gari likipigwa faini mkiwa hamko nchini na bado lina jina lako, utalipa wewe.

Hema likunjwe likiwa limekauka kabisa, kwani likilala bichi siku mbili linashika ukungu na harufu yake haitoki. Kama mnakusudia kwenda nalo, lisugueni hadi chembe ya mwisho ya udongo, pamoja na soli za viatu vyote. Australia na New Zealand hukagua vitu hivyo uwanja wa ndege, na usipovitaja kwenye fomu yao unapigwa faini. Kama haliendi, kuna jina chini ya plasta. Mpigie simu aje alichukue na vigingi vyote, akivihesabu mbele yako.